Pima Litungu, Kisha Lipige

Mwalimu anafundisha mfumo wa jua. Ametunga wimbo mfupi, watoto wanaimba majina ya sayari nane huku wakipiga makofi, kengele inalia. Kwenye andalio la somo anaandika kwamba sayansi imeunganishwa na sanaa. Kipindi cha namna hiyo kimefundishwa mara nyingi katika shule zetu, kuanzia Kisaka wilayani Serengeti hadi Sirari kule mpakani, na sikidharau, kwa sababu mtoto hukumbuka alichokiimba. Lakini sanaa haijafundishwa hapo. Hakuna aliyejifunza kutunga, wala kubadilisha mapigo, wala kusikiliza sauti ya mwenzake na kuijibu. Sayansi nayo imebaki orodha ya majina. Masomo mawili yamekutana na hakuna hata moja lililosonga mbele.

Neno langu kwa walimu wenzangu wa Tarime na Serengeti ni hili: shughuli moja ibebe umahiri wa masomo mawili, na kila umahiri upimwe kwa kigezo chake. Kigezo cha sanaa kisipokuwepo, sanaa imegeuzwa pambo. Cha hisabati kisipokuwepo, watoto wamefurahi tu na mtihani utawakuta palepale.

Mtaala unaturuhusu kufanya hivyo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, kwa kuanzia na Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu, umeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu, bega kwa bega na Hisabati na Sayansi. Mihtasari yote imejengwa kwa mpangilio mmoja: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji. Mpangilio huo ni msaada mkubwa kuliko tunavyoutumia. Chukua muhtasari wa Hisabati na wa Sanaa na Michezo wa darasa lako, uilaze mezani wazi, utafute mahali ambapo shughuli ya huku inaweza kufanyika kwa mikono ya kule. Usitafute mada zinazofanana majina. Tafuta kitu halisi ambacho hakiwezi kutengenezwa wala kuchezwa bila kupimwa. Upande wetu huu wa Mara vitu hivyo viko vingi, na cha kwanza ninachokipendekeza ni litungu.

Kila mzaliwa wa hapa ameliona: bakuli kubwa la mti lililochongwa, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu yake, mikono miwili iliyoshikwa na mti wa kukingama, na nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini nalo. Nyuzi hurekebishwa sauti kwenye ule mti wa juu, kwa kukaza na kulegeza. Ndani ya chombo hicho kimoja mna urefu, mkazo, unene, mtetemo, mwangwi na uwiano, yaani mada nzima ya sauti katika Sayansi na mada nzima ya sehemu na uwiano katika Hisabati. Muziki wenyewe uko juu ya hayo yote.

Usianze na litungu lenyewe, kwa sababu ni la mtu, ni la thamani, na watoto 80 hawawezi kuligusa kwa kipindi kimoja. Anza na ubao. Kila kikundi cha watoto kumi kiwe na ubao wa urefu wa mita moja hivi, misumari miwili, na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Fungeni mshipi katikati ya misumari hiyo, ukazwe vizuri, urefu unaolia uwe sentimita 60 kamili. Ukiugonga, ndiyo do. Sasa ingizeni kijiti chembamba chini ya mshipi, kirefu kiasi cha kuugusa tu bila kuuinua, na mkisogeze. Kikikaa mahali ambapo kipande kinacholia kina sentimita 48, masikio yatasikia mi. Sentimita 45 zitatoa fa, sentimita 40 zitatoa so, na sentimita 30 zitatoa do ya juu. Mwanakwaya yeyote wa darasani atawaambia wenzake majina hayo, maana kwaya zetu za makanisani zimelelewa kwa do, re, mi. Ile do ya chini na ya juu wanazifahamu pia: ni kama baba na mama wanapoimba wimbo uleule kanisani, kila mmoja kwa koo lake.

Hapo ndipo kalamu inaposhikwa. Watoto wachore jedwali la safu tatu: sauti, urefu kwa sentimita, na urefu huo ukiwa sehemu ya 60. Arobaini na nane juu ya sitini, rahisisha: nne ya tano. Arobaini na tano: robo tatu. Arobaini: theluthi mbili. Thelathini: nusu. Mtoto aliyekuwa akirahisisha sehemu kwa kuwa mwalimu amesema, sasa anarahisisha kwa sababu anataka kujua kwa nini so inapendeza. Wagiriki wa zamani waliokuwa wafuasi wa Pythagoras waliziheshimu sana nusu, theluthi mbili na robo tatu, na hesabu yao haijabadilika tangu hapo.

Urefu ni nusu ya habari. Kwenye litungu mpigaji habadilishi urefu wa uzi anaporekebisha sauti yake. Anabadilisha mkazo. Kwa Darasa la Sita, au Kidato cha Kwanza na cha Pili, jaribio hili linafaa sana. Mwisho mmoja wa mshipi ufungwe kwenye msumari wa meza, mwisho wa pili upite juu ya ukingo wa meza na kuning'iniza dumu la maji la lita tano. Mwanafunzi auguse mshipi kwa kidole, asikilize, aongeze maji. Fundisho liko hapa: ili sauti ipande hadi do ya juu, mkazo hauongezwi mara mbili, unaongezwa mara nne. Wengi watakisia mara mbili. Waache wakisie na waandike makisio yao kabla ya kupima. Tena wakumbushe kupima dumu tupu. Tuseme dumu lina gramu 200. Ukiweka lita moja ya maji, mzigo ni kilo 1.2. Mara nne yake ni kilo 4.8, kwa hiyo maji yanayotakiwa ni lita 4.6. Kikundi kitakachosahau uzito wa dumu kitamimina lita nne na kushangaa kwamba sauti imekaribia tu, haijafika. Usiwakimbilie na jibu. Dakika tano za kutafuta uzito uliosahaulika zitawafundisha maana ya jaribio la kisayansi kuliko ukurasa mzima wa ubaoni. Miguu tu ikae mbali na dumu.

Sasa sehemu ambayo walimu wengi huiacha. Kila kikundi, kwa sauti zake nne au tano za ubao, kitunge kipande kifupi cha muziki cha mapigo 16, kikipige mbele ya darasa, kisha kieleze kwa nini kimechagua sauti ya mwisho kiliyoichagua. Kundi lingine liseme limesikia nini na lingebadilisha nini. Hii ndiyo sanaa, nayo ina vigezo vyake: Je, mapigo yameshikwa mpaka mwisho bila kuyumba katikati? Je, kipande kina mwanzo na mwisho vinavyosikika? Je, mwanafunzi anaweza kutetea uamuzi wake? Mwalimu atakayeandika vigezo hivyo vitatu kwenye karatasi moja na vigezo viwili vya Hisabati, yaani usahihi wa vipimo na kurahisisha sehemu, ameshaunganisha masomo. Mthibiti ubora wa shule akiingia darasani hana swali la kumuuliza.

Baada ya ubao ndipo aje mpigaji wa litungu mwenyewe, na hapa naomba tuwe waangalifu. Mzee asialikwe kama burudani ya mahafali. Mtembelee nyumbani kwake kabla, kaa naye, umuulize anavyochagua mti, anavyowamba ngozi ikiwa mbichi na kwa nini, anavyojua kwamba uzi wa tatu umelegea. Mwambie unachotaka watoto wakione. Siku ya kuja mpe kiti, mpe chakula, mrudishie nauli yake, na umwache aeleze kwa Kikurya au Kingoreme kama ndiyo lugha inayomtoka vizuri. Mtoto mmoja atafsiri. Watoto wengi wa Darasa la Tatu huku kwetu bado wanakitafuta Kiswahili cha kitabuni, na mara nyingi tunamhesabia mtoto ujinga wa hesabu ilhali upungufu wake ni wa maneno. Mtoto huyo akipewa mshipi na rula anaweza kuonyesha kwa mikono kile ambacho ulimi haujakifikia. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufundisha hivi.

Jambo jingine la kusemwa bila kuzungukazunguka ni uchaguzi wa nyimbo na ngoma. Si kila kilicho cha asili kinafaa kuletwa shuleni. Kuna nyimbo za msimu wa kukeketa wasichana, na kuna majigambo ya koo yaliyotungwa wakati wa ugomvi wa mifugo na mipaka. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na darasani mwako huenda ameketi binti ambaye wimbo huo unamtisha. Uliza kwanza wimbo ni wa shughuli gani. Kina mama wa kijijini watakuambia bila kuficha. Nyimbo za kazi, za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto zipo za kutosha.

Tuje kwenye kitu cha pili, nyumba. Nyumba ya msonge bado inaonekana katika miji ya wazee, na fundi wake huichora chini kwa kigingi na kamba. Mpe kila kikundi kigingi na kamba ya mita 3.5, waende uwanjani wachore duara. Kipenyo ni mita 7, kwa hiyo mzingo wake, kwa 22 juu ya 7 tuliyoizoea, ni mita 22. Wauzungushie kamba waupime wenyewe kabla ya kutumia kanuni. Nguzo zikisimamishwa kila nusu mita, zinahitajika 44. Waambie wazipange kwa kokoto. Kwa wanafunzi wa sekondari endelea na paa. Likitokeza nusu mita nje ya ukuta, nusu kipenyo chake kinakuwa mita 4. Kilele kikiwa mita 3 juu ya usawa wa ukingo wa paa, urefu wa boriti kutoka kilele hadi ukingo ni mita 5 kamili, na hapo umepata pembetatu ya tatu, nne, tano ndani ya paa la nyasi. Eneo la kuezeka ni karibu mita za mraba 63. Fundi akiulizwa mafungu mangapi ya nyasi yanatosha nyumba ya ukubwa huo, atatoa jibu lake la uzoefu, na darasa litafute eneo linalofunikwa na fungu moja.

Upande wa sanaa, wajenge mfano wa nyumba hiyo kwa vijiti, udongo na nyasi kwa kipimo cha 1 kwa 20. Kipenyo kitakuwa sentimita 35. Ukutani wachore mapambo ya kujirudia kwa majivu, mkaa na udongo mwekundu, wakigawa mzingo kwa sehemu zilizo sawa ili nakshi ifunge bila kubaki pengo. Mtoto akikosea kugawa, nakshi itamwonyesha kosa kabla hujafika na kalamu nyekundu. Kigezo cha sanaa kiwe juu ya nakshi: ameibuni mwenyewe, inajirudia kwa utaratibu, rangi zimechaguliwa kwa sababu anayoweza kuitaja.

Kwa Darasa la Nne na la Tano, mapigo ya ngoma yanafundisha Kigawe Kidogo cha Shirika bila gharama yoyote. Nusu ya darasa ipige kofi kila hesabu ya tatu, nusu nyingine ikanyage kila hesabu ya nne. Watakutana kwenye 12, wataachana, watakutana tena kwenye 24. Ukibadilisha kuwa nne na sita, watakutana kwanza kwenye 12, bila kusubiri 24, na hapo utapata swali zuri la kuwauliza. Darasa likishaelewa, watunge mtindo wa kucheza ambao wote wanaruka mahali mapigo yanapokutana. Mtindo huo unaweza kufika mbali: UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ina mashindano ya ngoma na kwaya, na kikosi kinachojua kuhesabu mapigo yake hakipotezani jukwaani.

Kuchora nako tumekuonea. Katika Sayansi mtoto hunakili mchoro wa panzi kutoka ubaoni, ambao mwalimu naye aliunakili kitabuni, na panzi wenyewe wamejaa nje ya dirisha. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, aliandika na kuchora kitabu kikubwa cha mamalia wa Afrika Mashariki kilichoanza kutoka mwaka 1971. Alichora mifupa na misuli ya wanyama ili aelewe kwa nini wako walivyo, na wanasayansi wanavitumia vitabu vyake hadi leo. Kwa hiyo mlete mdudu, jani au fuvu la mbuzi darasani. Dakika kumi za kwanza watazame bila kuchora. Kisha wachore mara mbili ya ukubwa halisi, kwa kupima kila sehemu kwa rula. Wahesabu miguu kwa kuitazama. Mchoro usahihishwe na macho mawili: ukweli wa umbo, na ubora wa mstari.

Ushairi sitaukalia sana, kwa kuwa walimu wa Kiswahili wanaujua kuliko mimi. Naongeza tu kwamba ubeti wa mistari minne yenye mizani 16 una mizani 64, idadi ileile ya kete za bao la Kiswahili lenye mashimo 32, na watoto wakigundua hilo wenyewe hufurahi sana.

Wenzetu wa nje wamelihangaikia jambo hili pia. Marekani ilitoa viwango vya pamoja vya Hisabati mwaka 2010, vya Sayansi mwaka 2013, na vya sanaa mwaka 2014, kila kimoja kwenye waraka wake. Viwango vyao vya sanaa vimejengwa juu ya mambo manne: kuumba, kuonyesha, kuitikia na kuhusisha. La kuchukua hapo ni lile la tatu. Sisi watoto wetu tunawafundisha kuonyesha tu, hasa mgeni rasmi anapokuja, na mara chache tunawafundisha kuitikia kazi ya mwenzao kwa maneno ya heshima na yenye hoja.

Kwetu wazo hili si geni hata kidogo. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hapahapa mkoani Mara, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akiitaka shule ifungamane na maisha ya jamii inayoizunguka. Tuliisoma tukaielewa kuwa ni jembe na shamba la shule. Fundi wa litungu na fundi wa msonge nao ni jamii inayoizunguka shule.

Najua vikwazo. Muda ni mchache, kipindi cha dakika 40 hakitoshi kukata mishipi na kutunga muziki. Omba vipindi viwili vifuatane, Hisabati kisha Sanaa na Michezo, mara mbili kwa muhula. Mara mbili zinatosha kuanza, usijaribu kila wiki. Wazazi watasema watoto wanacheza badala ya kusoma. Kwenye kikao cha wazazi usiwajibu kwa hotuba, waonyeshe madaftari yenye majedwali, halafu mtoto wao awapigie kipande alichotunga. Na kama wewe mwalimu wa Hisabati huwezi kuimba, fundisha pamoja na mwenzako anayeweza. Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kinajulikana kwa walimu wake wa sanaa, na huenda mmoja wa waliosomea huko yuko shule ya jirani, anafundisha masomo mengine kwa sababu hakuna aliyemwuliza anajua nini.

Mazoezi ya kumalizia mada yaendelee kama kawaida. Mtoto aliyepima nyuzi bado anahitaji maswali ishirini ya sehemu kwenye daftari, na mwalimu asiyempa atakuwa amemdanganya. Tofauti ni kwamba sasa anajua sehemu hizo zinafanya kazi gani duniani.

Maafisa Elimu Kata na walimu wakuu, nawaombeni kikao kimoja cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, muhula huu kiwe cha jambo hili. Walimu waje na mihtasari miwili, mshipi, ubao na rula, wafanye jaribio la nyuzi wao wenyewe kabla ya kulipeleka darasani, waandike vigezo vya pande zote mbili kwenye karatasi moja, na waondoke na tarehe ya kumtembelea mpigaji wa litungu wa kijiji chao.